Udongo wa Juu Shambani, Udongo wa Chini Ukutani

Leo tunazungumza juu ya udongo, na nitaanza na swali. Umewahi kusimama kando ya shimo la choo linapochimbwa ukautazama ukuta wake? Kama bado, siku moja simama utazame. Juu kabisa, kina cha jembe moja au zaidi kidogo, utaona udongo mweusi au wa kahawia iliyokolea. Ukiushika unameguka wenyewe. Una vijizizi vyembamba, una nyungunyungu, una majani ambayo hayajaoza sawasawa. Shuka chini kidogo, mambo yanabadilika. Rangi inakuwa nyekundu, au njano, au kijivu, kutegemea mahali ulipo. Mizizi inapungua, wadudu wanapungua, na sururu inaanza kugonga pale jembe lilipokuwa linazama. Shimo ni moja, lakini udongo ni wa namna mbili. Na hoja yangu ya leo, ambayo nitairudia mara kwa mara ili isitupotee, ni hii: udongo wa juu ni wa kutulisha, udongo wa chini ni wa kutusitiri. Tukiuacha kila mmoja ufanye kazi yake, shamba na nyumba vitasaidiana. Tukiuchanganya, tutajenga nyumba mbovu kwa gharama ya shamba zuri.

Tuanze na huo wa juu. Kwa nini nausema kwa uzito hivi? Kwa sababu hauna mbadala, na hauji upesi. Mwamba unavunjikavunjika kwa jua na mvua, majani yanaanguka na kuoza, wadudu na vijidudu wasioonekana kwa macho wanayasaga na kuyachanganya, na kidogo kidogo tabaka linajengeka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaeleza kwamba sentimeta 2 au 3 za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujijenga. Sasa fikiria mvua moja kubwa juu ya mteremko uliolimwa kutoka juu kwenda chini, bila tuta wala majani ya kuufunika. Alasiri moja inaweza kuchukua kilichojengwa tangu enzi za mababu wa mababu zetu. Na kinachochukuliwa si chakula cha mimea peke yake. Mboji iliyo katika udongo ule ndiyo inayonyonya maji ya mvua na kuyatunza hadi wiki za jua kali. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyopakana, yaliyopata mvua ileile, moja linaweza kunyauka mapema na jingine likaendelea kuwa kijani.

Mnataka ushahidi kwamba mpangilio wa tabaka hizi si jambo la mchezo? Twendeni milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwashurutisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Lengo lililotangazwa lilikuwa zuri, kuzuia mmomonyoko. Lakini mahali pengi katika milima ile udongo wa juu ni mwembamba. Ngazi zilipochimbwa, udongo wenye rutuba ulifukiwa na ule wa chini, usio na chakula cha mimea, ukaletwa juu. Watu wakatumikishwa kwa jasho jingi kuandaa mashamba yasiyozaa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Yapo mambo mengi katika kisa hicho, ikiwemo shuruti yenyewe na siasa za wakati ule, lakini somo la udongo liko wazi: unaweza kuuzuia udongo usiende mtoni na bado ukaliua shamba, kwa kuupindua tu juu chini.

Sasa linganisheni na Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, nao wakiwa kwenye miteremko mikali vilevile. Wao wana kilimo chao cha ngoro, walichokiendesha kwa vizazi bila kushurutishwa na mtu. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatizana mpaka shamba zima linakuwa na miraba. Kisha udongo wa juu unachotwa kutoka katikati ya kila mraba na kufunika nyasi zile. Katikati linabaki shimo, pembeni linabaki tuta lenye nyasi tumboni. Maharage yanapandwa juu ya tuta, na msimu wa mbele mahindi yanafuata. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni na kuzama taratibu badala ya kuporomoka na udongo. Nyasi zinaoza na kuwa mboji. Angalieni ustadi uliomo: udongo wa juu haufukiwi ukapotea, unarundikwa pale mizizi itakapouhitaji. Kwa hiyo mteremko peke yake hauamui hatima ya shamba. Linaloamua ni mahali tunapouweka udongo wa juu.

Najua kuna msikilizaji anayesema, mbona siku hizi kuna mbolea za viwandani, si tutaongeza rutuba tu? Ni swali la haki, na simkatazi mtu mbolea. Udongo mwingi wa Afrika umevunwa mno na kurudishiwa kidogo, na mbolea ina nafasi yake. Lakini mbolea inaleta chakula cha mmea. Haileti sifongo ya kushika maji, na haileti wadudu wa kuulegeza udongo. Tena baadhi ya mbolea, hasa zile zenye amonia, zikirudiwa kila mwaka bila chokaa wala mboji, huongeza tindikali udongoni mpaka mmea unashindwa kula hata kilichopo. Viongozi wa Afrika wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2006 walikutana Abuja na wakazungumzia zaidi kuongeza matumizi ya mbolea. Mwaka 2024 walipokutana Nairobi, jina la mkutano wenyewe lilitaja mbolea na afya ya udongo kwa pamoja. Ukimwaga mbolea juu ya udongo uliobaki bila tabaka lake la juu, sehemu kubwa itakwenda na maji, na pesa yako nayo itakwenda na maji.

Basi tushuke chini, wasikilizaji, kwenye ule udongo ambao mkulima hautaki. Je, hauna kazi? Una kazi kubwa sana, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kile kinachoufanya udongo wa juu uwe mzuri shambani ndicho kinachoufanya uwe mbaya ukutani. Mabaki ya mimea yaliyomo yakiwekwa kwenye tofali yanaendelea kuoza, yanaacha matundu, tofali linakuwa jepesi na legelege. Ukichanganya na saruji, mabaki hayohayo yanaizuia saruji isishike vizuri. Udongo wa chini, usio na mboji, wenye mchanga wa kuupa nguvu na mfinyanzi wa kuugandisha, ndio unaokaa imara. Mafundi wetu walilijua jambo hili kabla ya maabara. Ndiyo maana wengi hupenda udongo wa kichuguu kwa kukandika na kusakafia, maana mchwa huupandisha mfinyanzi laini kutoka chini. Kwa maneno mengine, mkulima na fundi hawana sababu ya kugombania udongo. Kila mmoja anahitaji kile ambacho mwenzake hakihitaji.

Utautambuaje udongo unaofaa kujengea? Kuna vipimo ambavyo havihitaji mtaalamu wa kukodi. Chukua chupa safi ya plastiki, tia udongo mpaka theluthi, jaza maji, ongeza kijiko cha chumvi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie mpaka kesho yake. Chini kabisa utakuta mchanga, juu yake tope laini, juu yake mfinyanzi, na juu ya maji yataelea mabaki ya mimea. Ukiona yanaelea mengi, udongo huo urudishe shambani. Ukiona mchanga ndio mwingi na mfinyanzi upo wa kutosha kuushikamanisha, umeanza vizuri. Kisha loanisha udongo kidogo, finyanga kitonge cha ukubwa wa ngumi, kiachie kianguke kutoka usawa wa kifua kwenye sakafu ngumu. Kikitawanyika chote, maji hayatoshi. Kikibaki kitonge kilekile kilichobonyea, maji yamezidi. Kikivunjika vipande vichache, unyevu umefaa kwa kufyatulia. Na kama unahofia nyufa, ujaze udongo uliolowana kwenye kisanduku chembamba cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60, ukauke kivulini siku kadhaa, uone umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Hivyo ndivyo unavyoepuka kujengea mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Sasa tutazame tunavyofanya hivi leo. Katika vijiji vingi, na pembezoni mwa miji inayokua, tofali la kuchoma ndilo alama ya nyumba bora. Na wafyatuaji wanachimba wapi? Mara nyingi mabondeni, karibu na maji, yaani kwenye ardhi ileile inayoweza kutoa mboga wakati wa kiangazi. Udongo wa juu ama unaingia kwenye kalibu pamoja na wa chini, ama unatupwa pembeni na kufukiwa na kifusi. Kisha linakuja tanuri. Tofali za udongo zinaiva kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi, na joto hilo kwa wengi wetu ni kuni. Miti ya msituni ikiisha, mwembe wa nyuma ya nyumba unaangushwa. Na mti ukianguka, majani yaliyokuwa yanaufunika na kuulisha udongo nayo yamekoma, mmomonyoko unaanza upya. Zaidi ya hayo, mfinyanzi ukishachomwa kwa joto hilo umebadilika moja kwa moja. Hata ukisagwa haurudi kuwa udongo wa kulima, ilhali ukuta wa udongo usiochomwa ukibomoka unarudi ardhini ulikotoka. Kuuchoma udongo wa juu ni sawa na kusonga ugali kwa mbegu ya msimu ujao: leo utashiba, lakini kesho utapanda nini?

Kuna njia nyingine, na si ndoto. Udongo wa chini unachekechwa, unachanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 10 hadi 14 za udongo, kisha unashindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine maarufu ya mwanzo ya aina hiyo ilibuniwa nchini Colombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez kutoka Chile, mahsusi kwa watu wa vijijini. Haitumii umeme wala kuni, ni nguvu ya mikono na mtaimbo mrefu tu. Tofali likitoka linafunikwa na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa ili saruji ikomae. Hapa Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi ulitengeneza na kusambaza mashine za tofali za kufungamana, zile zenye meno yanayoingiliana, ambazo hupangwa kwa kutumia udongo wa kuungia kidogo sana au bila kabisa. Hakuna tanuri, hakuna mwembe uliokatwa.

Lakini hatuwezi kuishia kwenye sifa tu. Tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja. Hoja ya kwanza: nyumba ya udongo ni nyumba ya maskini. Jibu langu ni kwamba umaskini hauko katika udongo, uko katika namna tunavyoujenga. Mji wa Shibam, huko Hadhramaut nchini Yemeni, ambako familia nyingi za mwambao wetu zina asili, una majengo ya ghorofa nyingi yaliyojengwa kwa tofali za udongo zilizokaushwa juani, na mengi yanatokana na karne ya 16. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Karibu zaidi na wakati wetu, msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando, ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, na paa la bati limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke na mvua isipige ukuta. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hakuipata kwa kuukimbia udongo.

Hoja ya pili: mvua itaumaliza ukuta. Ni kweli, maji ndiyo adui. Hata Shibam iliharibiwa na mafuriko mwaka 2008. Kwa hiyo anayejenga kwa udongo aanze na msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, ili maji yanayoruka yasiuguse ukuta. Amalizie na paa lenye upenu mpana. Na kila baada ya masika akague lipu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ya udongo huo ni utaratibu wa kazi wa kila mwaka. Asiyetaka utaratibu huo, heri asijenge kwa udongo mtupu.

Hoja ya tatu ni ya afya, na haifai kupuuzwa. Nyumba za tembe za Dodoma na mikoa jirani zilisifika kwa ubaridi wakati wa jua kali, lakini nyufa za kuta na vumbi la sakafu vilikuwa makazi ya papasi, wanaoeneza homa ya papasi. Je, hilo linaibatilisha hoja yetu? Hapana. Papasi anahitaji ufa na vumbi. Tofali lililoshindiliwa vizuri, ukuta uliopigwa lipu laini na sakafu ngumu vinamnyima vyote viwili. Wako pia wanaokumbusha tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lililoangusha nyumba nyingi na kuua watu. Nao wana haki. Lakini ukuta wowote usiofungwa kwa mkanda imara juu yake, uwe wa udongo, wa tofali za kuchoma au wa saruji, uko hatarini ardhi ikitikisika. Dawa yake ni ufundi mzuri wa kuziunga kuta.

Hoja ya nne inatoka kwa wenye kutetea mazingira: mbona bado unatumia saruji, na saruji ni mchafuzi mkubwa? Kweli, utengenezaji wa saruji unachangia asilimia 7 hadi 8 hivi ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ndiyo maana nasema saruji kidogo, iwekwe panapohitajika: kwenye safu za chini, kwenye pembe, kwenye mkanda wa juu. Ukuta wa ndani usiopigwa na mvua unaweza kuwa wa tofali bichi lisilo na saruji kabisa. Na hoja ya mwisho, labda iliyo nzito kuliko zote: kijana anayeishi kwa kuchoma tofali ale nini? Kijana huyo tayari anajua udongo, anajua kalibu, anajua wateja. Anachokosa ni mashine, na mashine ni ghali kwa mtu mmoja ingawa si ghali kwa kikundi. Mikopo ya asilimia 10 inayotengwa na halmashauri zetu kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kufanya kazi hiyo. Na wale wanaochomea pumba za mpunga badala ya kuni nawapongeza, maana ni afadhali kuliko kukata miti. Lakini pumba haziwezi kuurudisha udongo wa juu ulioingia kwenye kalibu.

Basi tufanyeje, wasikilizaji? Nimalizie na mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, choo au shimo la tofali, bandua udongo wa juu peke yake na uurundike mbali na njia ya maji. Ukimaliza ujenzi, utandaze kwenye bustani, au ufunike eneo ulilochimba. Hiyo ni kazi ya siku moja au mbili kwa watu wawili wenye majembe. Pili, chimba kwa kina badala ya kutambaa kwa upana. Shimo refu na jembamba linatoa udongo bora wa tofali na linaharibu shamba kidogo, na baadaye linaweza kuwa shimo la choo au la mboji. Mashimo mapana ya kina kifupi yanaacha madimbwi ya mbu na ardhi isiyolimika. Tatu, jambo hili lisiachwe kwa mtu mmoja mmoja. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Iamue wapi tofali zichimbwe na wapi zisichimbwe, na anayechimba aoneshe alipouweka udongo wa juu na lini ataurudisha.

Nairudia hoja yetu kwa mara ya mwisho: udongo wa juu ni wa kutulisha, udongo wa chini ni wa kutusitiri. Hatuhitaji kuchagua kati ya chakula na nyumba, tunahitaji kuacha kuchimba ovyo. Mkutano wa kijiji ujao ukifika kwenye ajenda ya ujenzi, iwe wa zahanati, wa darasa au wa nyumba ya mwalimu, simama uulize swali moja tu: udongo wa juu tutauweka wapi? Ukijibiwa vizuri, mengine yatafuata.